Bomaua, Kupitia Nyamira

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya swali moja nililoshindwa kulijibu mbele ya wakwe.

Binti yangu Kerubo, mwana wetu wa pekee, alikuwa amechumbiwa na Momanyi, mwalimu mwenye adabu zake, mzaliwa wa Nyacheki huko Kisii. Wajumbe wa posa walikuja nyumbani kwetu Changamwe wamevaa makoti, kwenye joto lile. Mke wangu alipika biriani mpaka jirani wakauliza kama kuna sikukuu ambayo wao hawakuambiwa. Tulipokwisha kula, baba mdogo wa kijana, Mzee Nyamweya, alijifuta mikono taratibu akanigeukia.

"Sasa Fundi Zakaria, wewe ni Mkisii mwenzetu. Jina Ombati haliwezi kudanganya. Tuambie, egesaku yenu ni gani?"

Egesaku ni ukoo. Kwa Wakisii watu wa egesaku moja ni ndugu, hata kama hawajaonana tangu dunia iumbwe, na ndugu hawaoani. Nikatoa jibu pekee nililoachiwa na marehemu baba. "Sisi ni Bomaua."

Wazee wakatazamana. Bobasi waliijua, maana ndio wao wenyewe. Bonchari waliijua, na nyingine nyingi walizitaja pale pale. Bomaua hakuna aliyepata kuisikia. "Hakuna egesaku kama hiyo, ndugu yangu," Mzee Nyamweya akasema kwa upole. "Labda baba yako alikuwa na nyingine. Labda hata ni hii yetu. Tafuta. Mpaka ujue, hawa watoto wangoje."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima. Mimi ni fundi cherehani, nimezaliwa Mombasa, mama yangu Mtaita, na Kikisii changu kinaishia kwenye jina langu. Baba alifanya kazi bandarini, hakuwa mtu wa maneno, na alifariki kabla sijajua kwamba kuna mambo mtoto hupaswa kumuuliza mzazi wake. Kuhusu kwao alisema mawili tu: kwamba ni Bomaua, na kwamba barua zilikuwa zikifika kila Jumanne. Jioni ile Kerubo hakulia mbele yangu. Alikaa uani akiosha sufuria ambazo zilikwisha kuoshwa.

"Mimi ukiniuliza ukoo," mke wangu akaniambia, naye pia ni Mtaita, "nakutajia hadi jiwe alilokalia babu. Wewe funga safari ukatafute kwenu."

Niliuliza Wakisii wote ninaowashonea suruali, nikatazama ramani kwenye simu, nikapiga simu kwa watu niliopewa namba zao. Bomaua haikuwepo. Ndipo nikakumbuka zile barua za Jumanne. Nikawaza kwamba kijiji kinaweza kutoweka kwenye ramani na kwenye midomo ya watu, lakini kama barua zilikifikia, basi yuko mtu aliyezipeleka, na kazi ya serikali haifanywi bila kuandikwa. Nikakata tiketi.

Kisii nilifika asubuhi, mgongo umekufa kwa basi la usiku kucha. Ule ni mji uliojipanga mlimani kama vyombo kwenye kabati, kila kitu kiko juu ya kingine, na kila mahali ni ndizi. Mwanamke wa hoteli niliyoingia kunywa chai alisikia jina langu akaniporomoshea Kikisii. Nilipomjibu Kiswahili alisimama na birika mkononi.

"Ombati na kwenu hujui kuongea? Ulizaliwa ndani ya bahari?"

"Kando yake," nikamwambia.

"Maskini," akasema, na akaniongezea chapati.

Posta nilihudumiwa na binti mmoja aitwaye Moraa, kijana kuliko Kerubo. Nilimweleza shida yangu mbele ya foleni, na foleni nzima ikawa upande wangu. Mzee mmoja nyuma yangu alisema ndoa ya watu si jambo la kuambiwa njoo kesho. Moraa akaenda kuomba ruhusa, akarudi, akanipeleka chumba cha nyuma kulikowekwa vitabu vya mawakala wa zamani, wale waliokuwa wakisambaza barua mashambani kabla ya simu kutufundisha uvivu.

"Hii vitabu hakuna mtu huangalia, mzee," akasema akipangusa vumbi. "Ni za kitambo sana. Na hiyo Bomaua, mimi nimezaliwa hapa na sijaisikia."

Tulifunua hadi macho yakawasha. Kisha Moraa akaweka kidole juu ya ukurasa, na mwandiko wa karani fulani, mwandiko mzuri wa zamani wenye mikia, ukasema: Bomaua, kupitia Nyamira. Mfuko, Jumanne. Wakala, Mogaka.

Nilikaa chini. Maisha yangu yote nilikuwa nimeshuku, kimoyomoyo, kwamba pengine baba alilitunga lile jina.

Kurasa zilizofuata zilikuwa na majina ya waliopokea barua za rejista, na kila mmoja saini yake au alama ya kidole gumba. Baba alikuwemo. Niliijua saini ile kwa namna inavyolala upande, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule. Lakini wenzake wote waliandikwa jina lao na la baba zao. Yeye aliandikwa Ombati, basi.

"Unajua," Moraa akasema, "Bo ni kama kusema kwa watu wa. Bobasi, kwa watu wa Basi. Sasa Bomaua ni kwa watu wa maua."

Hapo nilicheka peke yangu. Mtoto wa Pwani akisikia maua huwaza asumini, na tangu utotoni nilikuwa nimejijengea kijiji cha asumini chenye wanawake waliojipamba vikuba vya maua vifuani. Nilipomweleza Moraa naye akacheka hadi akashika meza. "Asumini Kisii! Maua ni pareto, mzee. Ile ya kuua wadudu. Hii milima yote ilikuwa pareto."

Nyamira nilifika mchana, mvua nayo imefika kabla yangu. Kwenye soko, wauza ndizi walijikunyata chini ya miavuli, nami nikaenda kutoka mwavuli hadi mwavuli nikiuliza habari za Mogaka aliyekuwa wakala wa posta. Mwanamke wa mwavuli wa tatu au wa nne akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi zake.

"Mogaka wa barua? Huyo alikufa zamani. Lakini msichana yake Nyaboke ako, kule juu kwa majani chai."

Huyo "msichana" nilimkuta shambani anachuma chai, kikapu mgongoni, karatasi ya plastiki imefungwa kiunoni, na umri wake unaweza kuwa wa mama yangu. Pikipiki iliyonileta iliogopa tope ikaniacha barabarani, kwa hiyo nilimfikia nimejaa matope hadi magotini.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

Alinitazama, akatazama na viatu vyangu. "Hiyo salamu ilinipita tangu shule. Wewe ni wa wapi?"

"Mombasa. Lakini baba yangu alikuwa Ombati wa Bomaua."

Mikono yake ikasimama juu ya mche. Aliniambia nigeuke upande, nikageuka. Nigeuke tena, nikageuka, kama suti inayojaribiwa. "Hiyo masikio ni yake," akasema. "Pole. Yalikuwa makubwa hata kwake."

Aliniongoza kupanda kilima. Nilitarajia mahame, labda kuta zilizoanguka, kitu cha kushika. Juu kulikuwa na chai tu, kijani kimenyooka hadi ukingoni, na mstari wa mikaratusi. Kilichobaki cha Bomaua ni sakafu moja ya saruji iliyopasuka, na juu yake mtu alikuwa ameanika mahindi akayafunika turubai kwa ajili ya mvua.

"Hapa ndiyo nyumba ya kukausha pareto," Nyaboke akasema. "Hapa, hapa na pale, nyumba za watu. Wakati wa maua kilima yote ilikuwa nyeupe. Ukilala, unanuka pareto. Ukikula ugali, inanuka pareto. Na hakuna kiroboto. Hata mbwa walikuwa wanakuja hapa kupona."

Kisha akanisimulia, na nilikaa kwenye ile sakafu nikamsikiliza. Bomaua haikuwa egesaku. Watu walitoka kila pembe ya Kisii, kila mtu na ukoo wake, wakakodi vipande vya ardhi karibu na nyumba ya kukaushia. Watu wa vijiji vya jirani, kwa kuwadhihaki, wakawapa jina kama la ukoo, Bomaua, na wenyewe wakalipenda. Kama Bomaua ilikuwa mchanganyiko wa koo zote, basi baba angeweza kuwa wa ukoo wowote kati ya hizo, Bobasi ikiwemo.

"Lakini yeye alikuwa wa egesaku gani, mama? Ndicho nilichofuata. Binti yangu anangoja."

"Pole pole. Wacha nikwambie ya barua." Tata, yaani Mogaka mwenyewe, akasema, ndiye aliyekuwa wakala, lakini tata hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo yeye Nyaboke, msichana wa shule, ndiye aliyesimama kwenye sakafu hii kila Jumanne na kuita majina. Majina ya Wakisii yanafanana. Ukiita Nyakundi wanakuja watatu. Basi kila aliyeitwa ilimpasa ajibu kwa ukoo wake. Nyakundi! Omonchari! Haya, njoo, yako ni hii. Ombati! Omobasi!

Nilimkatiza. "Omobasi?"

"Huyo ni Ombati mwingine, mfupi. Baba yako nikimwita, anasema 'Omomaua!' Mtu wa Bomaua. Wote wanacheka. Jumanne ingine, 'Omomaua!' Wanacheka tena. Halafu siku moja wakaacha kucheka, kwa sababu walijua hana ingine ya kusema."

"Baba ndiye alinisimulia hiyo," akaendelea, "mimi nilikuwa bado sijazaliwa." Mwanamke mmoja alipanda kilima hiki akiwa na mtoto wa kiume mgongoni, akaomba kazi ya kuchuma pareto. Wanawake walimuuliza ametoka wapi, mumewe ni nani, egesaku ni gani. Akajibu kwamba amechoka. Kesho yake wakamuuliza tena, akajibu hivyo hivyo, na baada ya hapo wakaona haya kumuuliza. Alichuma maua hapa hadi alipofariki, bila mtu yeyote kuja kumtafuta, na mtoto alikua akila nyumba hii na ile.

"Na barua?" nikauliza. "Kama hakuwa na ndugu, nani alikuwa anamwandikia?"

Nyaboke akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hakuna. Aliona wenzake wanaitwa kila wiki, yeye haitwi. Akasikia kuna masomo ya Biblia ya posta. Akajiandikisha. Basi kila mara bahasha inakuja, mimi naita Ombati! Akimaliza kozi moja, anaomba ingine. Huyo mtu alisoma Biblia yote ndiyo asikie jina yake."

Namkumbuka baba akiwa na ile Biblia yake, nami nikidhani ni mtu wa dini sana.

Pareto ilipoacha kulipa, Nyaboke akasema, watu waling'oa mabati na nguzo na kurudi kwao, huyu leo, yule kesho. Wote walikuwa na kwao kwingine. Ombati hakuwa na pengine isipokuwa hapa, na hapa palikuwa panabebwa vichwani mwa watu kipande kipande. Akabaki hadi ikabaki sakafu. Ndipo akashuka na kwenda Mombasa.

"Baba yake amelala pale," akaongeza, akinyoosha mkono kwenye mistari ya chai. "Karibu na ule mkaratusi. Hakuna alama."

"Baba yake? Mama, si umesema hakuwa na baba?"

"Baba!" Akajipiga kifuani. "Baba, yule aliyembeba. Aii, nimesahau wewe ni Mswahili. Kwetu baba ni mama. Baba yako ndiyo tata. Mama yako ndiyo baba."

Sasa niseme jambo ambalo nimelisimulia kwa watu wengi, na kumbe nimelisimulia vibaya. Usiku wa kufariki, baba alikuwa akiita. "Baba," alisema, "baba, baba." Nami nilikuwa nimemshika mkono, na baada ya mazishi niliwaambia watu kwa fahari kwamba babu alikuja kumchukua mwanawe. Kumbe alikuwa akimwita yule mwanamke aliyechoka. Nilikwenda hadi kwenye mkaratusi, nikasimama katikati ya chai ya watu, nikalia. Nyaboke aliniacha nimalize, akachuma chuma majani ya karibu ili asionekane ananingoja.

Usiku nililala kwake, nikala ugali na chinsaga, mboga chungu chungu iliyopikwa kwa maziwa, ambayo ulimi wangu wa Pwani uliikataa mara ya kwanza na kuiomba mara ya pili. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani.

"Huko Nyacheki waambie wewe ni Omonchari," akasema. "Bonchari ni wengi, nani atawahesabu? Msichana aolewe."

Nakiri wazo hilo nilipanda nalo gari.

Nyacheki ni chai juu ya chai, na nyumba safi za bati zilizojificha kwenye migomba. Nilipofika, wazee niliowapigia simu walikuwa wamekwisha kukusanyika sebuleni, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na Momanyi amesimama mlangoni kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Kerubo alikuwa Mombasa na simu yake mkononi, najua, kwa sababu yangu ilitetemeka mfukoni mara mbili. Bonchari lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lingeingia vizuri kabisa, kama kiraka cha rangi ile ile.

Lakini nikamwaza baba yangu. Kila Jumanne alisimama mbele ya watu wanaocheka akajibu lile moja alilokuwa nalo. Nikawaeleza yote, tangu kitabu cha posta hadi mkaratusi.

"Mkataa kwao ni mtumwa," Mzee Nyamweya akasema, "na wewe hujakataa. Hiyo nimeona. Lakini shida iko pale pale. Kama huyo mama alikuwa ametoroka kwa mume wa kwetu? Huyo mtoto mgongoni angekuwa damu yetu."

Akatoka kwenda jikoni kuwauliza wanawake wazee. Walikaa huko sana. Tulisikia sauti zikipanda, majina yakitajwa, mara kicheko, mara ubishi. Momanyi alikuwa ametazama chini muda wote. Mwishowe mzee akarudi, na nyuma yake bibi mmoja mfupi ambaye hakutaka kukaa.

"Mimi nimezihesabu," bibi akasema. "Wanawake waliotoroka hapa kwetu, wote nawajua. Na kila mmoja alifuatwa, kwa sababu ya ng'ombe. Mwanamke akienda, watu wanaenda kwa baba yake kudai ng'ombe ya mahari. Na akienda na kijana mgongoni! Huyo angefuatwa hata mpaka Uganda. Huyo mama wa baba yako, kuna mtu alimfuata?"

"Hakuna, mama. Mpaka anakufa."

"Basi si wetu. Sisi hatuachi mtu hivyo." Akanitazama, na sauti yake ikalainika. "Wale wake ndio walimuacha. Wasikudai kitu."

Mzee Nyamweya akagonga fimbo yake sakafuni. "Imekwisha. Bomaua ni egesaku. Ni ndogo, lakini tumeoa kwa watu, hatujaoa kwetu." Watu wakapiga makofi, Momanyi akatoka nje mbio na simu, na chai ikaletwa pamoja na ndizi za kuchemsha. Nilicheka, nikashikwa mikono na watu nisiowajua. Nilikuwa na furaha ambayo fundi hawezi kuipima.

"Sasa mko wangapi, watu wa Bomaua?" mzee akaniuliza tukinywa. "Tujue tunaoa kwa watu wangapi."

Nikaanza kuhesabu. Baba hakuwa na ndugu. Mimi kwa baba nilikuwa peke yangu. Mke wangu ni wa kwao. Nilitaka kumtaja Kerubo, kisha nikakumbuka nimekuja kufanya nini, na kwamba watoto wake watakuwa Bobasi.

"Tuko wawili," nikasema. "Mpaka siku ya harusi."

Mzee aliweka kikombe chini. Akanishika goti.

Nilirudi Mombasa kwa basi la usiku. Nimejifunza kwamba kwao ni mahali ambapo mtu akiita jina lako unajua la kujibu, na kwamba baba alikuwa napo, hata kama leo pamepandwa chai. Kerubo alinipokea kituoni akanikumbatia mbele ya wachukuzi wote, analia na kucheka, akinishukuru. Niliondoka nina binti sina ukoo. Nikamshika mkono tukatafuta tuktuk, ukoo mzima wa Bomaua, twende nyumbani tukampe mama yake tarehe.